Kijiko, kabati na saiti mira: je, kila kioo kina sheria yake?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Najifunza udereva hapa Morogoro na kuna jambo linanichanganya. Lori lililo nyuma yangu naliona kubwa na karibu kwenye kioo cha ndani ya gari, lakini kwenye saiti mira lori hilohilo naliona dogo na mbali. Nikinywa chai, upande wa ndani wa kijiko unanionyesha kichwa chini, na nikikigeuza naonekana wima. Kwenye kioo cha kabati nako mkono wangu wa kulia unakuwa wa kushoto, ila kichwa kinabaki juu. Je, kila kioo kina sheria yake? Nauliza pia kwa sababu saiti mira ya kushoto ya gari tunalojifunzia imevunjika, na fundi anataka kutukatia kipande cha kioo cha kawaida cha kujitazamia kwa bei nafuu. Tukubali?"

Marahaba. Umeuliza mambo manne kwa pamoja, na umefanya vizuri kuyaweka pamoja, kwa sababu jibu lake ni moja. Hakuna kioo chenye sheria yake. Kioo cha kabati, kijiko chako, saiti mira na hata kioo cha darubini ya wanaastronomia vyote hufuata kanuni ileile: mwale wa mwanga unapofika kwenye uso laini huondoka kwa pembe ileile uliyofikia nayo, ila kwa upande wa pili wa mstari unaosimama wima juu ya uso huo, pale pale mwale ulipogonga. Kinachobadilika ni umbo la uso tu. Kwenye kioo bapa mistari hiyo ya wima imesimama sambamba kama nguzo za uzio, na kwenye uso uliopinda kila nukta ina mstari wake unaoelekea upande tofauti kidogo na wa jirani yake. Tofauti zote ulizoziona zinatokana na hapo.

Nimefundisha fizikia ya sekondari kwa miaka mingi, na nimeona wanafunzi wengi wakikariri jedwali la sifa za taswira, kwamba kitu kikiwa hapa taswira ni kubwa na imepinduka, kikiwa pale ni ndogo na iko wima, wakafaulu mtihani bila kujua kwa nini. Nakuomba usikariri. Ukiufuata mwale mmoja tu kutoka kwenye paji la uso wako hadi kwenye jicho lako, jedwali lote utaweza kuliandika mwenyewe.

Tuanze na jicho. Mwanga unaotoka kwenye ncha ya pua yako hauendi upande mmoja. Hutawanyika pande zote, na sehemu yake ndogo huingia kwenye mboni ya anayekutazama ikiwa kama koni nyembamba ya miale inayoachana kadiri inavyosafiri. Jicho huikusanya miale hiyo, na ubongo huhukumu kwamba kitu kipo pale miale ilipoanzia kuachana. Jicho halina habari kama miale ilipigwa njiani ikageuzwa. Hulichukulia kila jambo kana kwamba mwanga umekuja kwa mstari mnyoofu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo taswira ni mahali ambapo miale, baada ya kuakisiwa, inakutana kweli, au mahali inapoonekana kana kwamba imetokea. Ikikutana kweli, tunaiita taswira halisi, na ukiweka karatasi nyeupe mahali hapo utaiona imechorwa juu yake. Ikionekana tu kana kwamba imetokea huko, tunaiita taswira dhahania, na karatasi haiwezi kuidaka kwa sababu mwanga haukufika hapo hata kidogo.

Aliyelinyoosha jambo hili la jicho ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karibu mwaka 965, ambaye kazi zake kubwa alizifanya Kairo. Kabla yake wataalamu wengi walioheshimika waliamini kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvipapasa vitu. Yeye alionyesha kwa hoja na kwa majaribio kwamba mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Pia alishughulikia swali ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake: ukijua kitu kilipo na jicho lilipo mbele ya kioo cha mviringo, mwale utakigonga kioo wapi? Kwa kioo bapa swali hilo hujibiwa kwa rula na penseli. Kwa kioo cha mviringo linahitaji jiometri nzito, na yeye alilitatua karibu miaka elfu moja iliyopita.

Neno moja kuhusu lugha yetu, maana linaweza kutupoteza. Kwa Kiswahili "kioo" ni cha dirishani na pia ni cha kujitazamia. Katika kioo cha kabati, kinachoakisi ni tabaka jembamba sana la fedha au alumini lililopakwa nyuma, na kioo chenyewe kipo mbele ili kulilinda lisikwaruzike. Njia ya kupaka fedha kwenye kioo kwa kemikali ilioneshwa na Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Ukitaka kuliona tabaka hilo kwa macho yako, gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo cha kabati. Utaona ncha ya kalamu na ncha ya taswira hazigusani, na mwanya uliopo kati yake unatokana na unene wa kioo. Ukuta mweupe nao huakisi mwanga mwingi, na kila mwale unaougonga unafuata kanuni ileile, lakini uso wake umejaa vijilima vidogo vinavyoitupa miale kila upande, hivyo miale ya pua na ya sikio huchanganyika na hakuna taswira inayobaki.

Sasa kioo bapa. Simama mita moja mbele ya kioo cha kabati. Miale ya pua yako inafika kwenye kioo ikiwa inaachana, na kwa kuwa kioo hakina mpindo, inaondoka ikiwa inaachana kwa kiasi kilekile. Jicho likiifuata nyuma kwa mistari minyoofu linafika kwenye nukta iliyoko mita moja nyuma ya kioo. Kwa hiyo taswira iko umbali uleule kama wewe, ina ukubwa wako halisi, iko wima, na ni dhahania, kwa sababu nyuma ya kioo hicho kuna ubao wa kabati na nguo zako.

Hapa kuna jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walijaribu. Ili ujione kuanzia utosini hadi nyayoni huhitaji kioo chenye urefu wako. Nusu ya urefu wako inatosha, na haisaidii kurudi nyuma. Tuseme una sentimita 170 na macho yako yako sentimita 160 kutoka sakafuni. Mwale kutoka nyayoni hadi jichoni utagonga kioo katikati ya njia, yaani sentimita 80 juu ya sakafu. Mwale kutoka utosini utagonga katikati ya 160 na 170, yaani 165. Kati ya 80 na 165 kuna sentimita 85, ambazo ni nusu kamili ya kimo chako. Ukirudi nyuma hatua tano, nukta hizo mbili zinabaki palepale. Ukiwa na mashaka, chukua kipande cha sabuni, funga jicho moja, kisha chora mzingo wa uso wako juu ya kioo kama unavyouona. Upime mchoro huo kwa rula, halafu upime uso wako. Mchoro utakuwa nusu.

Kuhusu kulia na kushoto, kioo hakibadilishani chochote baina ya kulia na kushoto. Simama ukitazama kaskazini, kioo kikiwa mbele yako. Nyoosha mkono wa kulia kuelekea mashariki: mkono wa taswira nao unaelekea mashariki. Nyoosha kidole juu: taswira nayo inaelekeza juu. Sasa nyoosha kidole mbele, kuelekea kaskazini. Taswira inakinyooshea kwako, kuelekea kusini. Mwelekeo uliogeuzwa ni huo mmoja tu, wa mbele na nyuma, kwa sababu ndio unaosimama wima juu ya uso wa kioo. Sisi ndio tunaoleta habari ya kushoto, kwa kuwa tunapoona mtu anatutazama tumezoea kujiuliza angekuwaje kama amezunguka akasimama pale, na mtu anayezunguka kwa miguu yake hubadilisha pande za kulia na kushoto. Kama watu wangekuwa na mazoea ya kugeukiana kwa kusimama kwa mikono, huenda tungelalamika kwamba kioo kinageuza juu na chini.

Wengi hunijibu kwa mfano wa kanga: mbona jina la kanga linasomeka kinyume kwenye kioo? Ni kwa sababu, ili kukionyesha kioo jina hilo, ulikwisha kuizungusha kanga kwa mikono yako. Aliyegeuza maandishi ni wewe. Chukua mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, andika KARIBU kwa kalamu ya wino mzito, ushike mbele yako ili uyasome maandishi kama kawaida, kisha tazama kwenye kioo kupitia juu yake. Neno kwenye kioo nalo litasomeka KARIBU. Ndiyo maana pia neno la mbele ya gari la wagonjwa huandikwa limegeuzwa, ili dereva aliye mbele alisome sawasawa kwenye kioo chake cha ndani.

Tuje kwenye kijiko. Upande wa ndani ni kioo mbonyeo, yaani uso wake umeingia ndani kama bakuli. Mistari yake ya wima yote inaelekeana mbele ya kijiko na kukutana kwenye kitovu cha mpindo, ambacho ni kitovu cha tufe ambalo kijiko ni kipande chake. Kwa sababu hiyo miale inayofika sambamba kutoka mbali, kila mmoja ukigeuzwa kwa pembe yake, hukusanyika karibu na nukta moja iliyo nusu ya njia kati ya kioo na kitovu hicho. Nukta hiyo tunaiita fokasi. Kijiko cha chai si tufe kamili, lakini tuseme mpindo wake ni wa tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 4. Fokasi yake itakuwa sentimita 2 mbele ya uso.

Sasa fuata mwale mmoja kutoka kwenye paji la uso wako, ukiwa umekishika kijiko sentimita 30 mbele ya uso. Mwale huo unateremka hadi katikati ya kijiko, unagonga, na kwa kanuni yetu unaendelea kuteremka kwa pembe ileile huku ukirudi upande wako. Mpaka hapo hakuna tofauti yoyote na kioo bapa. Mwale kama huo ungefanya vivyo hivyo kwenye kabati. Tofauti inaletwa na ile miale mingine ya paji la uso iliyogonga juu kidogo au chini kidogo ya katikati. Kwenye kioo bapa miale hiyo inaondoka ikiachana, haikutani kamwe mbele ya kioo, na jicho linalazimika kuifuata nyuma, ambako mstari wa mwale wetu unapanda. Kwa hiyo paji la uso linaonekana juu. Kwenye kijiko miale hiyo inageuzwa ndani na kumkuta mwenzao mbele ya kioo, mahali ambapo mwale wetu umekwisha kuteremka chini ya mstari wa katikati. Paji la uso linachorwa chini. Kidevu, kwa njia hiyohiyo, kinachorwa juu. Hiyo ndiyo siri yote ya kichwa chini: mwale wa katikati ni uleule, ila miale imekutana mbele badala ya kuonekana kana kwamba imetoka nyuma.

Kanuni ya hesabu ni 1/f = 1/u + 1/v, ambapo f ni umbali wa fokasi, u ni umbali wa kitu na v ni umbali wa taswira, vyote vikipimwa kutoka kwenye kioo. Kwa kijiko chetu, 1/v ni 1/2 kutoa 1/30, na v inakuwa sentimita 2.1 hivi. Ukubwa wa taswira ukilinganishwa na kitu ni v gawanya kwa u, yaani karibu 1/14. Uso wa sentimita 24 unakuwa wa sentimita 1.7. Na taswira hiyo haiko "ndani ya kijiko" kama wengi wanavyodhani. Inaelea hewani, sentimita mbili mbele yake. Sogeza sasa ncha ya kidole hadi sentimita moja tu kutoka kwenye bakuli la kijiko, ndani ya fokasi. Ghafla kidole kinaonekana wima na kikubwa, karibu mara mbili, kwa sababu kikiwa karibu hivyo miale yake inaachana kwa nguvu kuliko uwezo wa kijiko kuikutanisha, na jicho linarudi kuifuata nyuma ya kioo.

Kioo cha kunyolea au cha kujipambia kinachokuza uso hufanya kazi kwa jambo hilohilo. Chukua chenye fokasi ya sentimita 40. Uso ukiwa sentimita 20 mbele yake, taswira inakuwa wima, mara mbili ya ukubwa, sentimita 40 nyuma ya kioo. Rudi nyuma kupita sentimita 40 na uso unayeyuka kuwa ukungu, kwa kuwa miale sasa inaelekea kukutana nyuma ya kichwa chako, na jicho haliwezi kuinyoosha miale inayoingia ikikaribiana. Rudi hadi mita mbili na utajiona kichwa chini, robo ya ukubwa wako, ukielea nusu mita mbele ya kioo. Kama una kioo cha namna hiyo, mchana funga taa, simama upande wa chumba unaotazamana na dirisha, elekeza kioo dirishani na ushike karatasi nyeupe kando kidogo, ukiisogeza taratibu. Utafika mahali dirisha, mwembe wa nje na anga vitachoreka juu ya karatasi vikiwa vimepinduka na rangi zake zote. Nimelifanya jaribio hili na madarasa mengi, na bado napenda kuutazama ukimya unaoingia wakati mwembe unapotokea. Mtu aliyeona taswira halisi kwa namna hiyo hahitaji tena kuelezwa neno hilo.

Usilifanye jaribio hilo kwa jua. Kioo mbonyeo hukusanya joto kama kinavyokusanya mwanga, na kioo cha kujipambia kilichoachwa dirishani penye jua kinaweza kuwasha pazia. Mwaka 2013 jengo refu la 20 Fenchurch Street mjini London, ambalo ukuta wake wa vioo umebonyea kama kijiko kikubwa, lilikusanya jua barabarani hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa chini yake.

Nimesema miale ya mbali hukusanyika "karibu na" nukta moja, na neno "karibu na" nimeliweka kwa makusudi. Uso wa tufe haukusanyi kikamilifu. Miale inayogonga pembezoni hukutana mapema kidogo kuliko ya katikati, na kanuni ya 1/f ni sahihi kwa miale iliyo jirani na mstari wa katikati tu. Umbo linalokusanya miale sambamba kwenye nukta moja bila kosa ni parabola, na ndilo umbo la dishi la televisheni na la jiko la jua la ungo. Kwa kioo cha darubini tofauti ndogo mno inatosha kuharibu kazi. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichosuguliwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kwa umbo lisilo sahihi: pembezoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa mikromita 2 na kidogo, takribani sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Nyota zilitoka na ukungu mpaka wanaanga walipokwenda kuifungia vifaa vya kurekebisha mwezi Desemba 1993. Darubini kubwa ya Afrika Kusini iliyoko Sutherland, yenye kioo cha vipande 91 vya pembesita, ilijengwa kwa umbo la tufe kwa makusudi, kwa kuwa vipande vyote vinaweza kufanana na gharama ikapungua. Kosa la tufe linasahihishwa na vioo vingine vilivyo juu yake.

Geuza kijiko sasa, nasi tumefika kwenye gari. Mgongo wa kijiko ni kioo mbinuko, na saiti mira ni vivyo hivyo, ila mpindo wake ni mdogo sana hata jicho halioni kwa urahisi. Mistari yake ya wima inaachana kuelekea nje, kwa hiyo miale iliyofika ikiachana inaondoka ikiachana zaidi. Haiwezi kukutana mbele ya kioo, kitu kiwe mbali au karibu. Ndiyo maana kioo mbinuko hakikugeuzi kichwa chini hata ukifanya nini: taswira yake siku zote ni dhahania, iko wima, na ni ndogo kuliko kitu.

Hebu tulipigie hesabu lori lako. Tuseme mpindo wa saiti mira ni wa tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 140. Fokasi yake iko sentimita 70 nyuma ya kioo, na kwenye kanuni yetu f inaandikwa kwa alama ya kutoa. Lori lenye kimo cha mita 3 likiwa mita 20 nyuma yako, taswira yake itakuwa sentimita 68 nyuma ya kioo na kimo chake kitakuwa sentimita 10. Jicho lako, likiwa sentimita 70 kutoka kwenye kioo, linaitazama taswira hiyo kwa umbali wa takribani mita 1.4. Ukipiga hesabu ya pembe, lori linaonekana kwa ukubwa ambao kwenye kioo bapa lingeonekana nao likiwa mita 40 nyuma. Kioo cha ndani, ambacho kwa magari mengi ni bapa, kinakuonyesha lori la mita 20. Saiti mira inakuonyesha lori linalofanana na la mita 40.

Hapa pana jambo la kushangaza ambalo vitabu vingi vya shule hulipita. Taswira ya lori kwenye saiti mira haiko mbali. Iko sentimita 68 tu nyuma ya kioo, karibu sana kuliko ile ya kioo cha ndani. Lakini ubongo wako haupimi umbali wa lori kwa mahali miale ilipoachania. Kwa umbali wa namna hiyo hupima kwa ukubwa, kwa sababu unajua lori ni kubwa kiasi gani. Ukiona dogo, unahukumu liko mbali. Ndiyo sababu Marekani sheria inataka kioo mbinuko cha upande wa abiria kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Magari yetu mengi yaliyotoka Japani hayana maandishi hayo, basi uyaweke kichwani: kabla ya kuhama njia, lione gari kwenye saiti mira ili ujue lipo, kisha litazame kwenye kioo cha ndani ili ujue liko umbali gani.

Kama saiti mira inadanganya hivyo, kwa nini isiwe bapa kama fundi anavyotaka? Kwa sababu ya upana. Chukua kioo cha upana wa sentimita 17. Kikiwa bapa, kwenye umbali wa mita 20 nyuma kinakuonyesha ukanda wa mita 5, ambao ni njia moja ya barabara na nusu hivi. Kikiwa mbinuko wa mpindo ule tulioutaja, kinakuonyesha karibu mita 10, yaani mara mbili. Nimerahisisha hesabu kwa kuchukulia kwamba unakitazama moja kwa moja, lakini uwiano unabaki uleule: unalipia kwa ukubwa wa lori, unapata upana wa barabara. Na kwenye upana huo ulioongezeka ndipo bodaboda huwa anapita, upande wako wa kushoto, wakati unataka kukata kona.

Kwa hiyo msikubali. Kipande bapa kwenye saiti mira ya kushoto kitakuonyesha lori kwa ukubwa mzuri na kitakuficha bodaboda; tena kioo cha kulia kikiwa mbinuko na cha kushoto bapa, macho yako yatakuwa yanapima umbali kwa vipimo viwili tofauti kila unapogeuka. Mwambieni fundi awatafutie kioo cha saiti mira cha aina ya gari lenu, hata kiwe kilichotumika. Akikileta, msikipokee kwa maneno. Kikiwa bado hakijabandikwa, laza rula ya chuma juu ya uso wake kwa upana, kisha uitazame kwa ubavu, taa ikiwa nyuma. Kikiwa bapa, rula italala na mwanga hautapita. Kikiwa mbinuko, rula itakaa juu ya katikati, itabembea ukiigusa, na kwenye ncha zote mbili utaona mwanya wa milimita 2 hadi 3. Hata kikiwa sahihi, bado kuna pembe ya ubavuni ambayo kioo hakiifikii, kwa hiyo geuza shingo na utazame begani kabla ya kuzungusha usukani.